Fundi Umeme Anajibu: Mita Iwe ya Mwisho Kubadilishwa

SWALI: Fundi, shikamoo. Ninahudumia wazee hapa Leicester, na mwaka jana Mungu alinijalia nikanunua fleti ya chumba kimoja, ghorofa ya pili. Haina gesi. Ina hita tatu za kuhifadhi joto, zile nzito zenye matofali ndani: moja sebuleni, moja kwenye korido, moja chumbani. Nikiamka alfajiri nyumba inachemka, lakini nikirudi kazini jioni hita zimeshapoa na ninakaa na blanketi mabegani. Kijana mmoja alinigongea mlango akaniambia nizing'oe zote niweke hita za kauri, eti bili itashuka kwa nusu. Jirani anasema nisijisumbue na hita, nipige simu tu kwa kampuni ya umeme waniondoe kwenye Economy 7, ule mpango wa bei mbili, usiku rahisi na mchana ghali, mita iwe ya bei moja. Kwa mwaka nimetumia uniti 3,200 za usiku na 1,600 za mchana. Nalipa peni 15 usiku na 30 mchana, na wameniambia bei moja ingekuwa 25. Nianze na lipi? Na maji ya moto je?
— Msomaji, Leicester

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa fleti. Umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umeniandikia uniti zako. Wengi huniambia "bili ni kubwa" na mimi sina la kushika. Kwa namba zako tunaweza kuzungumza.

Simu ya kubadili mita usiipige bado. Hebu kwanza fungua kabati lenye mita uangalie kilichomo. Nina hakika karibu yote utakuta bodi mbili za fyuzi. Ya kwanza ina umeme saa 24, na huko ndiko ziliko taa, soketi na jiko. Ya pili hupata umeme kwa saa saba tu za usiku, kisha hukatika hadi usiku unaofuata. Hita zako zimefungwa kwenye hiyo ya pili, na mara nyingi hata elementi ya chini ya tenki la maji ya moto, yaani kile chuma kinachopasha maji, imefungwa huko.

Utaratibu huu wa Economy 7 ulianza Uingereza mwaka 1978. Mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme haikuwa rahisi kuizima watu walipolala, kwa hiyo umeme wa usiku ukauzwa rahisi ili upate wateja. Hita inapasha matofali usiku, nayo yanatoa joto mchana kutwa, kama mawe ya mafiga yanavyobaki na moto baada ya kuni kuisha. Fleti yako nzima ilifungwa waya kwa wazo hilo moja.

Sasa angalia ushauri wa jirani. Kampuni ikikubadilishia bei peke yake, waya ukutani haubadiliki. Hita zitaendelea kupata umeme usiku tu, ila utaununua kwa peni 25 badala ya 15. Kwa uniti zako 3,200 hiyo ni nyongeza ya pauni 320. Upande wa mchana utaokoa peni 5 kwa kila uniti, yaani pauni 80. Ukitoa hii kwenye ile, umepoteza pauni 240 kwa mwaka na jioni bado una blanketi mabegani. Mambo yanaweza hata kuwa mabaya zaidi: mita ya zamani ikiondolewa na bodi ya usiku isiunganishwe popote, hita na tenki vinakosa umeme kabisa. Nimeingia kwenye nyumba za watu waliofanyiwa hivyo wakati wa baridi kali, na inaniuma kila mara, kwa sababu walichofanya ni kufuata ushauri wa mtu anayewatakia mema.

Kuhusu yule kijana wa kauri. Hita yoyote ya umeme inayotumia elementi, iwe ya kauri, ya mafuta, ya kioo au paneli ya bati, ikila uniti moja inatoa joto la uniti moja. Hakuna inayotoa zaidi, hata ikiuzwa pauni elfu. Pampu ya joto peke yake ndiyo huvuka hapo, kwa sababu inavuta joto lililopo kwenye hewa ya nje. Ikifungwa vizuri inaweza kutoa kama uniti tatu za joto kwa moja ya umeme. Hita za kauri au za paneli zinaokoa fedha kwa njia moja tu: unawasha ya chumba ulichomo, kwa saa unazokuwepo. Basi swali la kumuuliza muuzaji ni uniti ngapi utaacha kuzitumia.

Tuseme uniti 1,000 kati ya zako za usiku ni za maji na 2,200 ni za hita. Leo unalipa pauni 960 kwa mwaka, ukiacha ada ya kila siku. Kwa bei moja ya peni 25, fedha hizo zinanunua uniti 3,840. Kwa hiyo hita mpya zingepaswa kutumia uniti 960 pungufu, zaidi ya asilimia 40 ya joto lote, ndipo uwe umelingana tu na bili ya sasa. Na hapo hujahesabu bei ya hita wala ya fundi. Mtu anayetoka alfajiri na kurudi usiku anaweza kufika hapo. Mama mwenye mtoto mchanga anayeshinda ndani hafiki.

Kabla hujanunua chochote, nakuomba ujaribu jambo lisilo na gharama. Juu ya kila hita kuna vidude viwili vya kuzungusha, kimoja kimeandikwa Input, kingine Output. Input ndiyo inayoamua matofali yatakula umeme kiasi gani usiku huu. Ipandishe ukiona kesho kuna baridi, ishushe hali ya hewa ikilainika. Output hufungua kilango kidogo ndani ya hita ili joto litoke haraka. Nyumba nyingi ninazoingia nakuta Output imefunguliwa hadi mwisho na imesahauliwa hapo tangu Oktoba. Basi joto linaanza kukimbia saa nane za usiku, wakati matofali bado yanapashwa, na kufikia adhuhuri limekwisha. Dalili ulizonieleza, kuchemka alfajiri na kupoa jioni, ndizo hizo hasa. Weka Output chini kabisa kabla ya kulala, iache hivyo ukienda kazini, ifungue ukirudi. Fanya hivyo kwa wiki nzima. Na usianike nguo juu ya hita: joto likikosa pa kutokea, kikata-joto cha usalama kinaruka, nawe utadhani hita imekufa.

Ukiona bado inapoa kabla ya jioni, hita imechakaa, yaani kinga ya ndani imechoka na haishiki tena joto. Hapo nakushauri hivi kwa fleti yako. Sebuleni weka hita mpya ya kuhifadhi joto, ya aina inayoshika joto kwa muda mrefu. Tangu tarehe 1 Januari 2018 kanuni zimetaka hita mpya za aina hii ziwe na udhibiti wa kielektroniki; nyingi zina themostati na feni, na unazipangia saa za kutoa joto, kwa mfano kuanzia saa kumi na moja jioni. Chumbani weka paneli ndogo kwenye bodi ya saa 24, uiwashe nusu saa kabla ya kulala. Ile ya korido izime kipupwe hiki uone kama utaikumbuka; nadhani hutaikumbuka. Halafu baki kwenye Economy 7. Maji yaendelee kupashwa usiku: tenki la lita 150 likianza na maji baridi sana linahitaji karibu uniti 9 kufika nyuzi 60, na uniti hizo kwako zina bei nusu ya zile za mchana.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mlangoni hawaligusi. Cheti cha nishati cha nyumba, EPC, hupimwa zaidi kwa makadirio ya gharama za kupasha nyumba. Ukiondoa hita zote za usiku ukaweka paneli za kawaida, daraja linaweza kushuka, na nyumba ya kupangisha hapa England na Wales inatakiwa isiwe chini ya E. Hata kama leo huna mpango wa kupangisha, hujui miaka mitano ijayo utakuwa mji gani.

Je, ukiamua hata hivyo kwenda kwenye paneli tupu na mita ya bei moja? Ni haki yako, na kwa mtu asiye nyumbani sana si uamuzi wa kijinga. Ila fuata mpangilio: kwanza fundi, kisha hita, mita mwisho kabisa.

Fundi awe amesajiliwa kwenye mpango unaotambuliwa, kama NICEIC au NAPIT, kwa sababu kuongeza sakiti mpya au kubadili bodi ya fyuzi ni kazi inayotakiwa kuripotiwa chini ya kanuni za ujenzi, na wewe upate cheti chako. Mwambie ahamishe nyaya za hita kutoka bodi ya usiku kwenda ya saa 24. Paneli ikifungwa kwenye waya wa zamani bila kuhamishwa, itawaka usiku wa manane na kuzimika asubuhi. Usikubali vilevile kuuziwa paneli yenye ukubwa uleule wa hita ya zamani. Hita ya matofali ya kilowati 3.4 ina ukubwa huo kwa sababu inakula joto la siku nzima ndani ya saa saba, karibu uniti 24. Ukizigawa kwa saa 24, wastani ni kilowati moja. Kwa sebule ya fleti ndogo, paneli ya kilowati 1.5 au 2 kwa kawaida inatosha.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, wewe na kila msomaji mwenye shemeji anayejua kushika bisibisi. Waya wa hita hizi ukiupima mchana hauna umeme. Mtu anaukata, anauacha wazi ukutani, anaenda zake. Usiku wa manane bodi ya usiku inajiwasha yenyewe, na waya ule una volti 230 mahali ambapo mtoto anaweza kuugusa. Tena hita zenye feni zina nyaya mbili, mmoja wa usiku na mmoja wa saa 24. Ukizima swichi moja bado hujazima hita. Matofali nayo hupashwa hadi mamia ya nyuzi, kwa hiyo hita izimwe siku moja au mbili kabla ya kufunguliwa, kisha matofali yatolewe moja moja, maana hita nzima inaweza kupita kilo 100. Na kama ilitengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1970, usiifungue hata kidogo mpaka fundi ahakikishe haina asbesto ndani.

Mita na fyuzi kuu si zako wala si za fundi wako. Zina lakiri, na ni kampuni inayokuuzia umeme au wenye mtandao wa nyaya wanaoruhusiwa kuzigusa. Panga tarehe ya mita baada ya fundi kumaliza, na umwambie anayekuja kwamba nyumba ilikuwa na bodi ya usiku. Elementi ya chini ya tenki nayo ihamishwe, ifungiwe taima.

SWALI: Kaka fundi, salaam. Mimi kwangu mambo yamekwisha kufanyika kabla sijaja. Fleti niliyonunua Peterborough ina paneli kila chumba, aliyetangulia aling'oa hita za zamani, lakini mita bado ni Economy 7. Mwaka mzima nimetumia uniti 500 usiku na 3,500 mchana. Bei ni peni 14 na 31. Bei moja wamenitajia 26. Pembeni ya mita kuna kisanduku kimeandikwa Radio Teleswitch, sijui ni cha nini. Nibadili au nisibadili?
— Msomaji, Peterborough

JIBU: Badili, kaka. Wewe unanunua umeme wa mchana kwa bei ya adhabu ili upate punguzo la usiku ambalo hulitumii. Hivi sasa unalipa pauni 70 za usiku na 1,085 za mchana, jumla 1,155. Kwa bei moja ni 1,040. Hizo ni pauni 115 kila mwaka.

Wasomaji wengine wanaweza kupiga hesabu yao hivi. Toa bei moja kutoka kwenye bei ya mchana. Kisha toa bei ya usiku kutoka kwenye bei ya mchana. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili. Kwako ni 5 kwa 17, karibu asilimia 29. Anayetumia umeme wa usiku zaidi ya sehemu hiyo abaki. Aliye chini yake ahame. Wewe uko asilimia 12 na nusu. Bei hubadilika, kwa hiyo tumia zilizo kwenye bili yako ya karibuni, si zangu wala za jirani.

Kabla ya kupiga simu, hakikisha namba zako hazijapinduliwa. Hutokea kampuni ikasajili usomaji wa usiku kama wa mchana. Saa nane mchana andika namba zote mbili za mita, washa birika na jiko kwa nusu saa, kisha angalia ipi imesogea. Hiyo ndiyo ya mchana. Kama kwenye bili imeandikwa kuwa ya usiku, una madai ya kurudishiwa au una deni, na ni heri ulijue wewe kwanza.

Waulize pia kama wanaweza kukutoza bei moja kwenye namba zote mbili bila kugusa mita. Kampuni nyingi zinaweza. Ila kwako kuna sababu ya kubadili mita yenyewe, nayo ni hicho kisanduku. Kilikuwa kinapokea amri ya kuwasha na kuzima umeme wa usiku kupitia mawimbi marefu ya BBC Radio 4, kilohezi 198. Huduma hiyo ilianza kuzimwa kwa awamu katikati ya 2025. Kisanduku kisichopata amri kinaweza kubaki kimewasha, kimezima, au kikafanya kazi saa zisizofaa. Omba mita janja (smart meter). Kuifunga hakuna malipo. Siku wanayokuja kaa nyumbani uulize jambo moja: tenki la maji ya moto limefungwa bodi ipi? Kama bado liko ya usiku, lisibaki bila umeme wakishaondoka.

SWALI: Fundi, mimi ni mpangaji Coventry. Hita ya matofali sebuleni imekufa tangu Novemba. Mwenye nyumba ameniletea hita ya feni ya kuchomeka ukutani na kusema nibadili mita iwe ya bei moja, yeye hatatengeneza. Nina mtoto wa miaka minne. Bili imenizidi.
— Msomaji, Coventry

JIBU: Pole sana, dada yangu. Usibadili mita kwa ajili ya kumpunguzia mwenye nyumba kazi. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985, kifungu cha 11, inamtaka atunze vifaa vya kupasha nyumba na maji vilivyofungwa humo, hita hiyo ikiwamo. Kumletea mpangaji hita ya feni kunafaa kwa siku chache fundi akisubiriwa, si kwa msimu mzima. Ya kilowati 2 ikiwaka saa sita kwa siku ni uniti 12, zote za bei ya mchana.

Hita iliyokufa mara nyingi ina elementi iliyoungua au kikata-joto kilichoruka. Vyote viwili hubadilishwa, na hita nyingi hufufuka bila kununuliwa mpya. Mwandikie mwenye nyumba, kwa barua pepe au ujumbe wa simu, si kwa mdomo: taja tarehe hita ilipokufa, taja mtoto, ambatisha picha ya bili, na umwombe vilevile nakala ya ripoti ya ukaguzi wa umeme, ambayo England anatakiwa kuifanya angalau kila miaka mitano. Akikaa kimya, peleka nakala hizo kwa idara ya makazi ya halmashauri ya jiji, na uwaone Citizens Advice, shirika linaloshauri wananchi kuhusu haki zao. Ushauri wao ni wa bure.

Wakati unasubiri, hita ya feni ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, kamwe si kwenye waya wa kurefusha, na plagi yake uiguse kila baada ya muda. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, izime na usiitumie tena, na uongeze hilo kwenye barua.